Nani alilipia saruji? Jinsi ya kufundisha Vita Baridi kwa miguu, Unguja na Pemba

Simama na wanafunzi mbele ya hospitali ya Mnazi Mmoja uwaulize: nani aliijenga hii? Wenye wazee nyumbani watajibu mbio, "Mrusi, si ilikuwa ikiitwa Lenin?" Waache wajibu wote, kisha waambie wamekosea. Jengo lilikuwepo kabla ya Mapinduzi, likiitwa Karimjee Jivanjee, jina la familia ya wafanyabiashara wa hapa hapa iliyotoa fedha za kulijenga. Baada ya 1964 likabadilishwa jina na kuitwa V. I. Lenin. Na mwaka huo huo wakaanza kuja madaktari wa Kichina, ambao hadi leo wanakuja kwa zamu kutoka mkoa wa Jiangsu. Jina la Mrusi, fedha za mfanyabiashara wa Unguja, mikono ya Mchina.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa historia wa sekondari na viongozi wa klabu za skuli. Vitabu vya darasani vinaeleza Vita Baridi kwa mikutano na mikataba, na mwanafunzi wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja nje ya Mji Mkongwe, anatoka akidhani mambo hayo yalikuwa ya Berlin na Cuba tu, ilhali analala ndani ya jengo lililochorwa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi inahitaji vipindi viwili vya darasani na asubuhi moja ya kutembea. Idadi nzuri ni wanafunzi 20, makundi matano ya watu wanne. Wakizidi 25, wa nyuma hawasikii na wa mbele wanaanza kupiga picha za simu.

Daftari kwanza

Kila kundi lichore jedwali la safu sita kwenye kurasa mbili zilizokabiliana: kitu chenyewe, mwaka wa ahadi na mwaka wa kukabidhiwa, nani alilipa fedha za kigeni, nani alilipa gharama za ndani, fundi na vipuri vilitoka wapi, mshindani alijibu nini.

Safu ya nne ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Dola kubwa ikitoa msaada huwa inalipia vya kwao: mashine, chuma, mshahara wa mtaalamu wao. Mchanga, kokoto, chakula cha vibarua, mafuta ya gari, hivyo hulipwa kwa shilingi, na mtu lazima azitafute shilingi hizo. Mwanafunzi akijua nani alizitafuta, anajua nani aliubeba mradi. Safu ya sita nayo isiachwe tupu kwa uvivu, kwa sababu msaada wa zama zile ulikuwa mara nyingi jibu kwa msaada wa mwingine.

Pembeni ya kila mstari waache nafasi ya methali. Tuna mbili zinazogombana: "Wapiganapo tembo nyasi huumia" na "Vita vya panzi furaha ya kunguru." Kwa kila mstari kundi lichague moja na liitetee. Walimu wengi hufundisha ya kwanza tu, tukabaki nyasi milele. Zanzibar ya 1964 ilikuwa kunguru mara kadhaa, na mwanafunzi ana haki ya kuliona hilo.

Kipindi cha kwanza: karatasi ya asilimia

Anza na Oktoba 1944, Vita vya Pili vya Dunia havijaisha. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alipokuwa Moscow alimsogezea Stalin, mtawala wa Urusi, kipande cha karatasi chenye hesabu za nani atakuwa na sauti wapi: Rumania, Urusi asilimia 90; Ugiriki, Uingereza asilimia 90; Bulgaria, Urusi asilimia 75; Yugoslavia na Hungaria, nusu kwa nusu. Stalin akaweka alama ya kukubali. Andika hesabu hizo ubaoni, uulize: asilimia 75 ya nchi ni nini? Mawaziri? Bandari? Polisi? Waache wahangaike dakika kumi. Hakuna jibu safi, na hilo lenyewe ni funzo. Kisha waeleze ilikwendaje: Ugiriki ikabaki Magharibi, Rumania Mashariki, na Yugoslavia ya nusu kwa nusu ikagombana na Stalin Juni 1948 na kushika njia yake. Wakubwa wanaweza kupanga, lakini aliyepangiwa naye ana miguu.

Baada ya hapo pita upesi kwenye miaka ya lazima: hotuba ya Truman, rais wa Marekani, Machi 1947 na dola milioni 400 kwa Ugiriki na Uturuki, Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, Juni mwaka huo, kufungwa kwa Berlin Magharibi kuanzia Juni 1948 hadi Mei 1949, ndege zikipeleka chakula na makaa ya mawe, umoja wa kijeshi wa Magharibi, NATO, Aprili 1949, bomu la nyuklia la Urusi Agosti 1949, ushindi wa Mao Oktoba 1949, Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi wa Mashariki, Mei 1955. Usitumie zaidi ya dakika 15 hapa, vitabu vinatosha. Jambo moja tu liwekee mkazo: pande hizi mbili hazikutoka vitani na mifuko sawa. Marekani ilitoka na viwanda vizima na dola. Muungano wa Kisovieti ulitoka na watu takriban milioni 27 waliokufa na miji iliyoteketea, ukawa unang'oa mitambo Ujerumani Mashariki na kuisafirisha kwao. Mwenye dola hushindana kwa dola. Asiye nazo hushindana kwa chama, jeshi, wataalamu na nafasi za masomo.

Kipindi cha pili: mchezo wa kokwa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tafuta kokwa 20 za ukwaju, maharage 20, kikombe kimoja na sanduku la chaki. (Njugu usitumie. Zitaliwa kabla ya mzunguko wa pili.) Kokwa ni dola, maharage ni faranga, sanduku ni trekta.

Kwanza tunaigiza Mpango wa Marshall. Mwalimu ni Washington. Mwanafunzi mmoja ni kiwanda cha Marekani, wa pili mkulima wa Ufaransa, wa tatu serikali ya Ufaransa. Mwalimu ampe kokwa zote 20 mwenye kiwanda, si mkulima. Kiwanda kimpelekee mkulima trekta. Mkulima, ambaye hana dola hata moja, alipe kwa maharage yake 20, lakini asiyapeleke Marekani: ayakabidhi kwa serikali yake, nayo iyatie kikombeni. Sasa toa harage moja uliweke mfukoni mwa Washington, kwa sababu asilimia tano ya fedha hizo za ndani ilitengwa kwa matumizi ya Marekani. Yaliyobaki 19 ni ya Ufaransa, ila isiyatumie mpaka mwalimu atikise kichwa.

Rudieni mara mbili, kisha uliza: dola zilikwenda wapi? Watashangaa kwamba kwenye mchezo huu hazikuvuka bahari. Kilichovuka ni trekta, na ruhusa ya kutumia kikombe. Takriban dola bilioni 13 zilipita katika Mpango wa Marshall kati ya 1948 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na viwanda vya Marekani vilipata wateja wakati huo huo. Ndiyo maana Urusi ilipoalikwa mkutanoni Paris 1947 waziri wake wa mambo ya nje, Molotov, alitoka nje: aliona mkono wa mwingine juu ya kikombe. Nchi za Mashariki nazo zikazuiwa kuingia, na Januari 1949 zikaundiwa umoja wao wa uchumi, Comecon.

Sasa badilisha majina na ucheze tena. Mwalimu awe Beijing, na kitu kinachotafutwa ni reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Nchi za Magharibi zilikuwa zimeikataa kwa madai kwamba hailipi. China ikakubali 1967, kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, ulipwe kwa miaka 30. Reli na mataruma vitatoka kwao, lakini kibarua wa Mlimba analipwaje shilingi? Meli inaleta bidhaa za Kichina, maduka ya Tanzania na Zambia yanaziuza, na shilingi na kwacha zinazopatikana zinaingia katika akaunti ya ujenzi. Ni kikombe kile kile. Tofauti ni kwamba harage la asilimia tano halipo, na huu ni mkopo, wakati sehemu kubwa ya Marshall ilikuwa ruzuku. Tatizo lake watalikuta wenyewe mkicheza raundi ambayo mnunuzi hataki bidhaa: kikombe kinabaki kitupu na kibarua halipwi. Kwa hiyo serikali hulazimika kununua Uchina vitu ambavyo pengine ingevinunua kwingine.

Jaza mstari wa kwanza wa daftari hapo hapo. Kwenye safu ya sita, jibu la mshindani: Marekani ikasaidia kujenga barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, sambamba na reli. Kwa methali, makundi mengi huchagua kunguru. Akitokea mmoja akachagua nyasi, mpe nafasi aseme, maana deni nalo ni jambo.

Asubuhi ya kutembea: Unguja

Anzeni saa moja asubuhi Mnazi Mmoja, mmalize saa tano kabla jua halijakaa utosini. Njia ni yapata kilomita tatu: hospitali, Kikwajuni, Michenzani, Amaan. Kila mwanafunzi na chupa ya maji, kila kundi na uzi wa mita kumi uliotiwa fundo kila mita.

Hospitalini jazeni mstari wa pili kama ulivyoelezwa juu. Msipige picha hospitali wala wagonjwa, na msizibe mlango.

Kikwajuni ni mahali pa kusimulia habari za nchi kutambuliwa na nchi nyingine, maana nyumba za maendeleo zilizopo pale ni malipo ya kutambuliwa. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. China na Urusi ziliitambua serikali mpya mwezi ule ule. Marekani na Uingereza zikangoja hadi tarehe 23 Februari, siku 42. Zihesabuni kwa vidole hapo barazani, zinajieleza. Ujerumani Mashariki ndiyo iliyokuwa na njaa kuliko wote. Tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni ya Hallstein: atakayeitambua Berlin Mashariki, yaani serikali ya Ujerumani Mashariki, Bonn, mji mkuu wa Magharibi, inavunja naye uhusiano. Yugoslavia ilikatwa hivyo 1957, Cuba 1963. Kisha Zanzibar, kisiwa kidogo, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki. Kwa nchi iliyokuwa ikitafuta mlango popote, huo ulikuwa mlango mzima, na ikaja na nyumba, walimu, mafundi na madaktari.

Halafu Aprili 26 ukaja Muungano, na fundo likajifunga. Tanganyika ilikuwa ikipokea misaada ya Bonn, Zanzibar ilikuwa na ubalozi wa Berlin Mashariki, na nchi moja haiwezi kuwa na vyote. Nyerere akatafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi, iwe na konseli kuu Dar es Salaam. Februari 1965 Bonn ikaudhika ikaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na Nyerere akaiambia ichukue na misaada yake mingine iliyobaki. Wanajeshi wa Kanada ndio walioziba pengo la mafunzo. Safu ya sita ya mstari huu ijazwe kwa uangalifu: waliojibizana si Marekani na Urusi, ni Wajerumani kwa Wajerumani, juu ya vichwa vyetu, na sisi tukiwajibu.

Michenzani pimeni jengo moja kwa uzi. Shikeni upande wa kivuli, mmoja ahesabu, mmoja aandike. Mtapata takriban mita 300, na hapo mtajua kwa nini watu huyaita treni. Michoro ya mji mpya ilitoka kwa wapangaji wa Ujerumani Mashariki. Jasho lilitoka kwa Wazanzibari waliokwenda kujenga taifa. Nyumba za udongo za Ng'ambo zilibomolewa kupisha mstari ulionyooka. Hapa safu ya nne na ya tano zinajaa zenyewe: tazameni ndoo zinazopanda ngazi, maana maji hayapandi orofa za juu bila pampu, na pampu ni kipuri. Mtoa mchoro alikwisha kwenda, na nchi yake yenyewe ikafutika kwenye ramani 1990.

Njiani mtakutana na jengo la Raha Leo. Litumieni kama mtego. Wanafunzi watalitia kwenye orodha ya Wajerumani, kumbe ni la Waingereza, nao pia walikuwa wakishindana baada ya vita kwa kujenga vituo vya kijamii ili watawaliwa wasitafute rafiki mwingine. Kanuni ya kuwapa: jengo lolote bapa lisiandikwe jina la mjenzi mpaka mwaka wake upatikane.

Amaan ni ya Wachina, uwanja uliofunguliwa 1970 na kukarabatiwa zaidi ya mara moja baadaye. Hapa sahihisha kosa kubwa kuliko yote: kwamba pande zilikuwa mbili. China na Urusi zilikuwa zimegombana; 1960 Moscow iliondoa wataalamu wake zaidi ya elfu moja kutoka Uchina, wengine na michoro mkononi. Kwa hiyo Unguja ya miaka ya 1960 ilikuwa na Mrusi na Mjerumani Mashariki upande mmoja, Mchina upande wake, na Mmarekani na Mwingereza wakichungulia. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alikuja mwenyewe Juni 1965. Mwezi Januari wa mwaka huo huo balozi mdogo wa Marekani hapa, Frank Carlucci, alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Baadaye akawa waziri wa ulinzi wa nchi yake.

Pemba

Skuli za Pemba zisisafirishe watoto Unguja kwa ajili ya hili. Mkoani inatosha. Anzeni bandarini, mpande mlima hadi hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa kwa msaada wa China na kujengwa upya na kufunguliwa 2016. Kuna safu moja inayojaa vizuri huko kuliko Unguja, ile ya fundi na vipuri, kwa sababu kazi inaendelea: kuanzia 2017 Wachina pamoja na Shirika la Afya Duniani walifanya mradi wa kupambana na kichocho kisiwani humo, wakitafuta konokono kwenye mito na mabonde. Nyumba za maendeleo zipo Mkoani na Wete. Chagueni moja, hakuna haja ya zote mbili.

Redio, kwa siku ya mvua

Mvua ikiharibu safari, fanyeni zoezi hili. Andika: Cairo, miaka ya 1950; BBC ya London, Juni 1957; Beijing, 1961; Sauti ya Amerika, 1962; Deutsche Welle ya Ujerumani Magharibi, 1963. Hizi ni idhaa za Kiswahili na miaka zilipoanza. Waulize kwa nini redio zote hizo zilijifunza kusema "hapa" kwa lugha yetu ndani ya miaka kumi. Wakikwama, wape orodha ya pili: uhuru wa Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963.

Kuwauliza wazee

Mzee anayekumbuka mambo haya ni hazina, lakini swali baya humfunga mdomo. Usimwanzie na Mapinduzi wala chama gani. Nyumba nyingi za visiwa hivi zina jeraha hapo, Pemba zaidi. Mwanafunzi apige hodi, aamkie, aeleze skuli yake, kisha aulize habari za kazi: "Mzee, ulikuwa ukilipwa kwa siku au kwa mwezi? Chakula mlipewa? Fundi wa kigeni alikuwa akisema nanyi kwa lugha gani? Mashine ikiharibika mlifanyaje?" Maswali manne, yasizidi sita. Akisema "Mjerumani", aulizwe kwa adabu, wa Berlin au wa Bonn? Akisema "mtaalamu", aulizwe wa wapi. Jina lake lisiandikwe daftarini. Umri wa makisio na kazi vinatosha. Wazee wawili wakitofautiana mwaka, andikeni yote miwili na alama ya kuuliza, kisha mwalimu mwenye nafasi aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, akiwa ameomba ruhusa mapema.

Kwa wenye nafasi ya gari: Tunguu

Tunguu, yapata kilomita 15 kutoka mjini, panajulikana leo kwa chuo kikuu cha SUZA. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, kwa makubaliano waliyofanya na Waingereza. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyosikiliza sauti yake. Wengi hapa hawakuamini. Walisema ni mambo ya makombora, na kituo kikawa hoja ya siasa. Mapinduzi yalipotokea, manowari ya Marekani iliwachukua watu wao siku ya pili, na miezi michache baadaye kituo kikaondolewa kwa amri ya serikali mpya.

Mstari huu ni mgumu kuliko yote kwa sababu hakuna kitu cha kupima kwa uzi. Safu ya kwanza waandike "kituo kilichoondolewa". Ya pili wataikuta kwenye maelezo haya. Ya nne iwatatize: Waingereza ndio waliokubaliana na Wamarekani, Mzanzibari hakuulizwa, basi gharama ya ndani ilikuwa ya nani? Makundi yagombane ndani ya gari wakati wa kurudi. Ondokeni kabla ya saa nane, maana baada ya hapo madarasa ya chuo yanatoka na daladala zinajaa.